Masikio Yote Mawili

Thuan amepanda baiskeli tangu utotoni, lakini kuipanda taratibu alijaribu mara moja tu, uzeeni, na haikumjia rahisi. Baiskeli ikienda polepole huyumba, na yeye hakuwa na mazoezi. Maisha yake yote amekuwa mtu wa kukimbizana na muda: picha imefungwa kwa kamba kwenye keria, nyumba fulani ina msiba, maziko ni alasiri, na marehemu bado hana uso.

Kazi yake ni kuwapa uso. Hapa Hanoi hakuna nyumba isiyo na meza ya wahenga, na juu ya meza, nyuma ya vijiti vya udi, lazima mtu awe anakutazama. Watu humletea Thuan kipicha kidogo kama ganda la kiberiti, naye hukaa mlangoni kwake na lenzi na brashi iliyokatwa ncha, akachora uso ule mkubwa kwa masizi ya taa ya mafuta. Siku hizi kuna maduka ya mashine yanayomaliza kazi hiyo mteja akiwa bado amesimama. Wanaobaki kwa Thuan ni wale wanaojua kwamba karatasi ya mashine hupauka. Masizi hayapauki; yalishaungua.

Masharti yake sisi wa uchochoro huu tunayajua kwa moyo, maana tumeyasikia kupitia ukutani miaka yote. Uso uwe mbele. Kola ifungwe. Asicheke. Nywele ziondoke, masikio yote mawili yaonekane.

"Asiye na masikio atasikiaje mkimwomba?" huwaambia wateja. Nashuku sababu ya kweli ni kwamba sikio lisiloonekana kwenye picha inabidi alibuni, na hapendi kubuni.

Wateja karibu wote huja na picha mbaya. Marehemu kageuka, marehemu kafumba macho, marehemu yuko harusini nusu yake imefichwa na keki. Hapo ndipo Thuan alipokuwa akipata jina lake baya.

"Mmekaa naye miaka sabini," alimwambia mtu mzima aliyekuwa analia, "mkashindwa kumwambia atulie dakika moja?"

Mkewe, Nhan, alikuwa akitokea jikoni wakati huo na birika. Aliwamiminia wafiwa chai, akawaambia mzee hana nia mbaya, ni lenzi tu inamuumiza kichwa. Ndoa yao ilikuwa hivyo: huyu anatukana, yule anamimina. Chai ya Nhan ilikuwa chungu sana, lakini hakuna mfiwa aliyelalamika.

Mwezi wa nane wa kalenda ya mwezi, Nhan alishindwa kula. Hospitalini daktari alimwita Thuan na binti yao Quyen kwenye korido, akavuta mlango, akamwacha Nhan kitandani anahesabu matone ya dripu. Kwetu mgonjwa wa ugonjwa ule ndiye mtu wa mwisho kuambiwa, na akibahatika haambiwi kabisa. Daktari alisema mwaka mpya hataufikia. Walirudi ndani wakiwa na nyuso za watu walioambiwa habari ya kawaida, wakasema: vidonda vya tumbo.

"Basi ni ile chai yangu," Nhan akasema.

"Ndiyo," Thuan akasema. "Ipunguze ukali."

Jioni hiyo uchochoro mzima ulikuwa unajua, na uchochoro mzima ukaanza kumheshimu Nhan, jambo ambalo peke yake linatosha kumuua mtu. Bi Luu, muuza chai wa pale mdomoni pa uchochoro, ambaye alikuwa hajawahi kumsalimu Nhan bila kumchokoza, alimwita "dada yangu" mbele za watu.

"Luu," Nhan akamuuliza, "unaumwa?"

Thuan yeye alikuwa na shida nyingine, na hakuweza kumwambia mtu isipokuwa Quyen. Alipindua masanduku yote akitafuta picha ya mkewe. Ya harusi ilikuwa imeliwa na wadudu kuanzia upande wa bibi harusi. Nyingine zote Nhan alikuwa pembeni: ana mwiko mkononi, ana mtoto begani, kavaa kofia pana ya majani, kivuli kimemla hadi kidevuni. Picha moja tu ilikuwa ya mbele, ya kitambulisho, na siku aliyopigwa ufizi wa kushoto ulikuwa umemvimba, afisa naye hakuwa na muda wa kungoja meno ya watu. Alitoka na shavu kama ameficha yai.

Mwenyewe kumchora hakuwahi. Uso wa mbele wa masizi, kwetu, ni wa mtu aliyekwisha ondoka. Kumchora hivyo aliye hai ni kumfungulia mlango. Kwa hiyo mtu aliyewapa nyuso nusu ya wafu wa mjini hakuwa na uso wa mke wake, na ule halisi aliokuwa nao ulikuwa unapungua kila asubuhi.

"Tumpige picha nyumbani," Quyen alisema.

"Amevaa kola, amekaa kwenye kiti, saa nne asubuhi? Mama yako kawahudumia wafiwa tangu hujazaliwa. Atajua kabla hujatoa simu."

Ndipo Thuan akapata wazo la matembezi. Mwaka ule wa ndoa yao Thuan alimwahidi Nhan kumpakia kwenye baiskeli waende kuzunguka Ziwa la Magharibi, vuli, polepole, bila sababu. Walianza kweli. Hata ziwa hawajaliona, mtu akawasimamisha barabarani, mama yake kafariki, na picha yenyewe hii hapa. Wakageuza. Ahadi ikakaa. Nhan hakuwa mtu wa kudai, ila kila vuli ilipofika na mji ukaanza kunuka yale maua ya mti wenye utomvu kama maziwa, ambayo mgeni huyasifu siku ya kwanza na kuumwa kichwa siku ya pili, alikuwa akisema, "Ziwa letu litakuwa limekauka sasa."

Kwa hiyo siku moja ya mwezi wa tisa, baada ya chakula cha mchana ambacho Nhan alikitazama tu, Thuan aliifuta baiskeli vumbi, akafunga mto kwenye keria. Akasema twende ziwani tukale pepeta, ule mchele mchanga uliopondwa. Akasema pia avae ile nguo ndefu nyeusi ya mahameli, yenye kola.

"Kwenda kula pepeta na kola imenikaba?" Nhan akauliza.

"Kuna baridi."

"Wewe umevaa ndala."

Hata hivyo aliivaa. Ilikuwa imempwaya hadi ikabidi Quyen aibane mgongoni kwa pini. Quyen alitangulia na baiskeli yake ya umeme, simu mfukoni. Pale mdomoni pa uchochoro Bi Luu alisahau heshima kwa dakika moja.

"Mzee Thuan! Mnakwenda kuposa?"

"Tunakwenda kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Kutembea tu."

Bi Luu akawatazama, na nikaona heshima inamrudia usoni kama kivuli cha wingu. "Nendeni salama, dada yangu," akasema.

"Yule ana jambo," Nhan akasema mgongoni kwa mumewe. "Mpeleke hospitali."

Yaliyofuata nimeyapata kwa Quyen, ambaye ana kumbukumbu nzuri na wala hajifanyi kuwa alikuwa jasiri.

Thuan aliendesha polepole mpaka pikipiki zikawa zinampigia honi kwa huruma. Jua lilikuwa lile la vuli linaloingia kwa ubavu, rangi ya mafuta ya kupikia, na kila Thuan alipopita penye jua alikuwa akiangalia juu, si kwa furaha, bali kupima. Nhan alikaa upande kwenye keria, mkono mmoja umeshika shati la mumewe. Alikuwa anataja vitu. Pale palikuwa na bomba la maji tulilokuwa tunapanga foleni. Yule mzee wa kushona viatu bado yuko, nilidhani umeshamchora. Mti ule wa mkungu umekatwa. Thuan alijibu "mm", maana kuendesha taratibu kulikuwa kunamtoa jasho.

"Leo huna haraka kabisa, Baba Quyen," Nhan akasema. "Wafu wameisha?"

"Wapo. Wamengoja."

"Ungeniambia mapema kwamba huwa wanangoja."

Kwenye barabara ya Phan Dinh Phung, chini ya ile miti mikubwa, wauza maua walikuwa wamepanga baiskeli zao zilizojaa maua meupe madogo ya msimu, na vijana wa mji walikuwa wamejazana kupigana picha, kila msichana kashika usukani wa baiskeli ambayo haendi nayo popote. Quyen alikuwa amepachagua kwa sababu hiyo. Mahali ambapo kila mtu anapigwa picha, nani atashangaa?

"Mama, simama hapo kidogo. Kumbukumbu ya vuli."

Nhan akasimama. Quyen akainua simu, Nhan akacheka na kuziba mdomo kwa kiganja, kama alivyofanya maisha yake yote. Mara ya pili aligeuka kumuuliza muuza maua kwa nini maua yake yamelowa hivyo, anayauza kwa kilo? Mara ya tatu upepo ulimletea nywele usoni. Kijana mmoja mpiga picha, mwenye kamera kubwa na moyo mwema, akaona familia inahangaika, akasogea.

"Bibi, tazama huku! Bibi mzuri, tabasamu!"

"Asicheke!" Thuan akapaza sauti. "Atazame mbele. Hizo nywele ziondoke, masikio yote mawili yaonekane!"

Quyen anasema hata pikipiki zilinyamaza, lakini hapo nadhani anaongeza chumvi. Kijana aliishusha kamera yake. Thuan alibaki mdomo wazi, mkono bado umeinuka kwenye hewa, mahali ambapo mezani kwake lenzi huwa.

Nhan alimtazama mumewe. Sentensi ile aliisikia kila siku akiwa na birika mkononi; alijua inaambiwa nani na nini hufuata. Hakulia. Alirudisha nywele zake nyuma ya masikio, kwanza la kulia, kisha la kushoto, na kwa kitambo kidogo alisimama hivyo, sawasawa, uso mbele, kama inavyotakiwa. Kisha akaziachia.

"Ziwa bado," akasema. "Twende."

Kutoka hapo Thuan hakujua kama amejulikana au hajajulikana, na hakuwa na namna ya kujua. Ndilo tatizo la kumpakia mtu kwenye keria: yeye anaona mgongo wako wote, wewe huoni kitu chake hata kimoja. Alisikia tu. Alisikia mkono umehama kutoka kwenye shati ukazunguka tumbo lake, jambo ambalo wanandoa wa umri wao hawalifanyi barabarani.

"Hivi vidonda vya tumbo," Nhan akasema, "humkondesha mtu hivi?"

Thuan akakaza pedali.

"Usijibu. Tazama njia. Utatuua."

Wakafika ziwani. Thuan alitaka kusimama mahali pa kwanza penye ukuta, maana jua lilikuwa linashuka na mwanga wa namna ile haukai. Nhan akakataa, akasema mbele kidogo. Walipofika mbele kidogo akasema tena mbele. Quyen akawa anapita kando yao na simu, anamtazama baba yake, baba yake anatazama jua.

"Mama Quyen, mwanga unaondoka."

"Uache uondoke. Uliniahidi ziwa, hukuniahidi mwanga."

"Ukisimama dakika moja tu..."

"Miaka yote hii nilikuwa nimesimama. Jikoni pale. Zungusha."

Akazungusha. Njia ya ziwa lile ni ndefu, na mwanamume wa umri wake, mwenye mtu mgongoni, anaihisi magotini. Walipita wavuvi wa ndoano wasiopata kitu, wapenzi waliokaa wawiliwawili wakitazama simu zao, nyumba za watu wakubwa zenye mbwa. Nhan aliacha kutaja vitu. Quyen anasema mama yake alikuwa ameegemeza shavu kwenye mgongo wa baba yake, macho wazi, na uso wake ulikuwa uso ambao yeye, binti, hakuwahi kuuona nyumbani. Hakumpiga picha. Nilimuuliza kwa nini. "Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani," alijibu, na hiyo ni kweli, lakini si yote.

Karibu na mwisho wa mzunguko walimkuta mwanamke anayeuza pepeta, ameizungushia jani la yungiyungi na kuifunga kwa ubua wa mpunga. Wakaketi ukutani. Jua lilikuwa limebaki wekundu tu juu ya maji. Pepeta huliwa kwa kudonoa, punje chache chache kwa vidole, pamoja na ndizi mbivu; anayeijaza kiganjani huonekana hakulelewa. Nhan alidonoa, akatia mdomoni, akatafuna muda mrefu.

Kisha akafunga kola yake hadi kifungo cha juu.

"Quyen, weka hiyo simu," akasema. "Kwenye simu mimi hutoka nusu. Mwenye duka nimekaa naye hapa, kwa nini nikapigwe na mashine?" Akamgeukia mumewe. "Kesho utanichora. Mezani kwako. Nitakaa nitulie, si dakika moja tu. Maana wakija kwako na kile kitambulisho utawatukana."

"Aliye hai hachorwi," Thuan akasema.

"Basi anza polepole," Nhan akasema. "Leo umejifunza."

Hakuna aliyetamka jina la ugonjwa, wala siku ile wala baadaye. Walirudi nyumbani. Njiani Thuan alimsemesha mkewe mara kadhaa naye akawa anaitikia kwa "mm", kama yeye alivyokuwa akimwitikia wakati wa kwenda. Alidhani amechoka, au amekasirika. Quyen, aliyekuwa ubavuni, aliona sababu. Pepeta ilikuwa bado shavuni, shavu la kushoto. Alishindwa kuimeza, na hakutaka kuitema mbele ya yule mwanamke aliyeiuza. Aliibeba hivyo hadi nyumbani.

Kesho yake alikaa kwenye kiti cha wateja, mlango wazi, nguo ya mahameli, masikio yote mawili. Uchochoro mzima ulipita kwa sababu mbalimbali. Wateja wawili waliofika siku hiyo walimwona mwanamke anayepumua amekaa mbele ya masizi, wakakumbuka shughuli nyingine. Mmoja Nhan alimfuata kwa maneno mpaka mlangoni:

"Ndugu yangu, kaa! Chai ipo, ila leo ujimiminie!"

Shida ilikuwa hii. Kuchora kwa masizi ni kazi ya siku nyingi. Unaanza na nywele, unateremka, macho unayaacha mwisho. Na Nhan alikuwa anapungua. Shavu ambalo Thuan alilimaliza jana, leo lilikuwa nono kuliko shavu lililokaa mbele yake. Akalifuta kwa mkate mkavu, akalichora upya. Kesho yake tena. Tulimsikia kupitia ukutani.

"Usitikisike."

"Sitikisiki. Ni nyama inayoondoka, mwambie huyo atulie."

Wiki zikaenda. Mchoro ulikuwa unamfuata mwenyewe nyuma, hatua moja, kama mtu anayekimbilia gari. Karatasi ilianza kuchanika kwa kufutwa. Mwishoni Nhan alikuwa akikaa kwa kuegemezwa na mito, na siku moja akaomba aone. Thuan akamgeuzia. Aliutazama muda.

"Huyo anatisha watoto," akasema. "Usinifuate tena. Nirudishe nyuma. Chora siku ile ya ziwa."

"Siku ile sikukuona," Thuan akasema. "Nilikuwa mbele."

Nhan alifumba macho, na hakukaa tena kwenye kile kiti. Alifariki baridi ilipoanza kuwa ya kweli, asubuhi, wakati Thuan amekwenda kununua karatasi mpya.

Maziko yalikuwa kesho yake alasiri, na marehemu hakuwa na uso. Thuan alifunga mlango, kitu ambacho hajawahi kukifanya akiwa kazini. Hatukusikia kitu ukutani. Quyen aliingia mara moja kumpelekea uji, akakuta baba yake ameweka kile kitambulisho chini ya lenzi, kama mteja yeyote mwingine, na anamuuliza bila kuinua kichwa:

"Ile pepeta. Ulisema shavu gani?"

"La kushoto, baba."

"Ilikuwa nyingi?"

"Kidogo. Kama hivi."

Picha iko juu ya meza yao sasa, nyuma ya udi. Uso uko mbele, kola imefungwa, masikio yote mawili yanaonekana. Shavu la kushoto limejaa kidogo. Katika macho Thuan amebuni, mtu asiyependa kubuni, na kwa kuwa hakujua yalivyokuwa siku ile, alimwambia Quyen asimame mlangoni asimulie, naye akachora kwa kusikia. Wasiomjua Nhan husema alikuwa mwanamke mwenye afya. Wanaomjua husema hafanani sana.

Siku ya arobaini na tisa ya msiba tulikwenda wote kufukiza udi. Bi Luu alisimama mbele ya ile picha muda mrefu kuliko adabu inavyodai, akageuza kichwa huku na huku.

"Mzee Thuan," akasema, heshima imemwisha kabisa, "mbona mkeo anaonekana ana kitu mdomoni?"

"Pepeta," Thuan akasema.

"Hata huko kashindwa kumeza?"

"Hajamaliza. Mwache."

Bi Luu akafikiri, akainua vijiti vyake vya udi, akavichomeka. Thuan akaenda jikoni kutafuta birika, kwa kuwa chumba kilikuwa kimejaa wageni na hakukuwa na mtu wa kumimina.

Amerudi kazini. Hana tena maneno mengi kwa wanaomletea picha mbaya. Huzipokea, huzitazama, huuliza marehemu alipenda kula nini. Baiskeli anaiendesha haraka kama zamani. Ule mto bado umefungwa kwenye keria, na picha za wafu huzipanga juu yake.